Nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 41, leo ndiyo najua ovari zote mbili (vile vifuko vya mayai) zilikwenda nacho. Miaka 20 ijayo itakuwaje?

KaraniWaGhala (Tandahimba)

Habari za jioni wanajamvi. Mnivumilie, nina maneno mengi na simu yangu kioo kimepasuka upande wa herufi A. Mkiona neno lina pengo, jazeni wenyewe.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Miaka 42, watoto watatu, wa mwisho yupo kidato cha pili. Mwaka jana mwezi wa nane nilipasuliwa nikatolewa kizazi. Uvimbe ulinitesa miaka minne, damu inatoka siku kumi na mbili kwa mwezi, pedi hazifui dafu, nakunja kanga. Siku nalazwa wingi wa damu ulikuwa 6.8. Wakaniongezea chupa tatu ndipo wakanipeleka chumba cha upasuaji. Kwa hilo sina kinyongo. Kizazi kilikuwa kinaniua, acha kitoke.

Kasheshe imeanza hata kidonda hakijakauka. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka kwenye masikio, kama nimeinamia tanuri la mikate. Dakika tatu nne limeisha, nabaki nimelowa chapachapa na baridi inanitetemesha. Msimu uliopita, siku za mwanzo za kupokea korosho, wakulima wamejaa ghalani, mimi niko mezani naandika stakabadhi. Likaja. Jasho likadondoka kwenye karatasi ya mzee mmoja, kilo zake 412 zikachuruzika zikawa hazisomeki. Mzee akaona nataka kumpiga. Ikabidi magunia yake yarudishwe kwenye mizani mbele ya watu wote, na mimi nimesimama pale nachuruzika kama nimemwagiwa ndoo.

Kila mtu ana jibu lake. Mmoja presha, mwingine malaria (nimemeza mseto mara mbili bila hata kupima, ujinga wangu), wifi yangu anasema nimetupiwa kitu. Usingizi unakatika saa nane usiku, basi, mpaka adhana. Vidole vinauma asubuhi. Majina ya watu yananipotea, na kazi yangu yote ni majina ya watu.

Na la chumbani nalisema kwa kuwa hapa hakuna anayenijua sura. Mimi ni somo wa mabinti watatu hapa mtaani, nimewacheza unyago, nimewafunda ya ndani yote. Yangu yamenishinda. Pamekauka, panauma kama kidonda, na hamu yenyewe haipo. Mzee wangu hajasema neno, ila ameanza kulala amegeukia ukutani.

Sasa mwezi uliopita nikahitaji zile karatasi za hospitali kwa mambo ya bima. Mpwa wangu anasomea uganga wa hospitali, nikampa anisomee. Akasoma: kizazi, shingo ya kizazi, mirija, ovari zote mbili. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Fomu nilisaini, sikatai. Nilisaini nikiwa nimelala kwenye machela, miwani nimemwachia wifi nje. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kitandani kuniambia "mama, na hivi navyo tumetoa". Hospitali siitaji, na msiniulize.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Mpwa wangu anasema bila ovari moyo na mifupa vinaharibika kabla ya wakati, kuna dawa ya homoni inatakiwa. Jirani yangu ambaye ni muuza duka la dawa anasema homoni ni kansa ya titi moja kwa moja. Kati ya hawa wawili nimshike nani?

MiziziYaKusini

Pole dada. Ninayo dozi ya siku 21, inarudisha mayai na kusafisha kizazi. Wengi wamepona. Njoo inboksi.

NahodhaKilwa

@MiziziYaKusini unasafisha kizazi ambacho hakipo? Mwenzio amesema kimetolewa. Angalau ungesoma mada kabla ya kutega nyavu.

MamaMkuti (Masasi)

Dada yangu wa Tandahimba, nimesoma nikaacha chai ipoe.

Mimi nilitolewa vyote nikiwa na miaka 38. Leo nina 52. Niliambiwa siku hiyohiyo kwamba na ovari zimekwenda, kwa hiyo hilo wewe umeonewa zaidi yangu. Lakini nilipouliza "sasa itakuwaje", nilijibiwa "utazoea". Nikazoea kweli. Joto lilinisumbua miaka mitano hivi, likapungua lenyewe, nikasema yamekwisha.

Mwaka juzi mwezi wa tisa nimeanika mbaazi uani, mbuzi wa jirani akaingia. Nikamkimbiza, nikajikwaa, nikatanguliza mkono. Sikuanguka kutoka mtini, sikuanguka kwenye bodaboda. Nimeanguka kimo changu mwenyewe, kwenye mchanga. Kifundo cha mkono kikavunjika vipande. Daktari wa mifupa akatazama picha, akaniuliza damu ilikata lini. Nikamwambia sikukata, nilikatwa, miaka 38. Akatikisa kichwa akasema mfupa huu ni wa bibi wa miaka 70.

Joto linapiga kelele, kila mtu analiona. Mifupa ilikuwa inaisha kimya miaka yote ile na mimi najisifu nimezoea. Hakuna aliyenipa dawa, na sikujua kama kuna dawa ya kuomba. Ningerudi nyuma ningekwenda kuuliza mwaka uleule wa kwanza. Wewe bado upo kwenye mwaka wa kwanza na kidogo, nenda.

Mkono wangu mpaka leo haushiki vizuri mwiko wa ugali. Mkwe ndiye anasonga.

MkungaMstaafu (Lindi)

Mwanangu, mimi nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka 31, nyingi kati ya hizo nikiwa huku Lindi. Sikuandikii dawa, maana sijakupima na sina mamlaka hayo. Nakueleza ili ukiingia kwa daktari uingie na maswali.

Watu wetu wanaona ovari ni kikapu cha mayai. Ukishazaa watoto wako watatu, kikapu cha nini tena? Hata sisi wahudumu wengi tulifundishwa hivyo, kwamba mwanamke anayetolewa kizazi akiwa na arobaini na kitu, toa na ovari ili asije akapata kansa yake baadaye. Nimeshika sana vifaa wakati hilo likifanyika na nilikuwa naona tunamsaidia mtu.

Lakini ovari ni kiwanda pia. Ile homoni yake, estrojeni, inafanya kazi kwenye mishipa ya damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo, kwenye kibofu, kwenye ngozi ya ukeni. Mwanamke anayekata damu kwa kawaida, hapo kwenye miaka 50 hivi, kiwanda kinafungwa taratibu kwa miaka kadhaa, mwili unajipanga. Hata kikishafungwa, ovari inaendelea kutoa homoni nyingine kidogo ambazo mwili unazigeuza kuwa estrojeni. Wewe kiwanda kilifungwa asubuhi moja, umelala usingizi wa nusukaputi, miaka kama tisa kabla ya siku yake. Ndiyo maana joto lako ni kali kuliko la shangazi zako. Hujatupiwa kitu, mwambie wifi.

Mpwa wako amesema kweli, na hakulitoa kichwani. Kuna utafiti wa wauguzi wa Marekani ulioanza 1976, unaowafuatilia kwa miaka mingi. Majibu yaliyotolewa 2009 yaliwaangalia zaidi ya wanawake 29,000 waliotolewa kizazi, wengine ovari zikaachwa, wengine zikaondolewa. Walioondolewa walipata kansa ya ovari na ya titi kwa uchache, hiyo ni faida na tusiifiche. Ila magonjwa ya moyo yaliwapata zaidi, na ukihesabu vifo vya sababu zote, walikufa zaidi. Hakukuwa na umri ambao kuondoa ovari kulionekana kumwongezea mtu maisha. Kuna na mwingine wa jimbo la Minnesota, uliotoka 2006. Wale waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikufa mapema kuliko wenzao, na waliobeba mzigo huo hasa ni ambao hawakupewa estrojeni mpaka walau wafike 45. Watafiti haohao waliona pia kumbukumbu kudhoofika uzeeni kwa waliofanyiwa mapema.

Soma tena kipande hicho cha "ambao hawakupewa". Hapo ndipo penye habari yako. Ovari hairudi, lakini kile ilichokuwa inatoa kinaweza kurudishwa, angalau sehemu yake, mpaka umri ambao ingestaafu yenyewe.

Sasa jirani yako wa duka la dawa. Naye hajazusha, amesikia nusu. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa wa homoni kwa sababu kansa ya titi ilionekana kuongezeka, dunia nzima ikaogopa, na huku kwetu ikafika hivyohivyo. Wanawake wa utafiti ule wastani wao ulikuwa miaka 63, na kundi lile lilikuwa linameza homoni mbili kwa kuwa kizazi walikuwa nacho, na kizazi kinahitaji ile ya pili ili estrojeni isikiharibu. Waliokuwa hawana kizazi walimeza estrojeni peke yake. Majibu yao yalitoka 2004 na kansa ya titi haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kiharusi. Sasa wewe una miaka 42 na kizazi huna. Kukutisha kwa habari ya bibi wa miaka 63 mwenye kizazi ni kukupimia mizani ya mtu mwingine, na wewe kazi ya mizani unaijua.

Haina maana kila mtu anapewa. Aliyewahi kuwa na kansa ya titi, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye ini bovu, huyo njia yake ni nyingine. Kwa hiyo anza hivi. Omba karatasi ya upasuaji yenyewe, siyo ile ya kuruhusiwa, na majibu ya nyama iliyopelekwa maabara. Pengine ovari moja ilikuwa imeshikana na uvimbe au ina usaha, na daktari hakuwa na la kufanya. Hata mimi nimeona tumbo linafunguliwa na mpango wote unabadilika. Kukosa kukuambia ni kosa. Kutoa, bado hatujui. Halafu pima presha, sukari, mafuta ya damu, kaguliwa matiti. Ndugu zako wa kike wa damu, kuna aliyepata kansa ya titi au ya ovari? Jibu la hilo uende nalo. Tandahimba siyo mbali na Mtwara mjini, kuna hospitali ya Ligula, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uliza siku ya kliniki ya daktari bingwa wa wanawake, usiende tu siku yoyote ukakalishwa benchi bure.

Angalizo moja. Pale dawa yenyewe ilipokosekana nimeona baadhi ya madaktari wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Usijinunulie mwenyewe dukani kwa kusikia hivyo. Kama presha ipo juu, vidonge hivyo si vyako.

La chumbani. Kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, inafanya kazi palepale. Wakati unaitafuta, mafuta ya nazi safi, ya kukamuliwa nyumbani, yanasaidia ulaini, isipokuwa kama mnatumia kondomu, mafuta yanazipasua. Na mzee wako mwambie. Anayelala amegeukia ukutani mara nyingi anadhani amechukiwa yeye.

Chakula nacho. Mwili unataka miligramu 1,000 mpaka 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa inakupa kama 300. Dagaa wale na miiba yao, usinyofoe vichwa ukatupa. Ufuta tunaulima wenyewe halafu wote tunaupeleka mnadani, bakisha kilo mbili. Tembea kwa miguu, beba ndoo yako, mfupa unapenda kusukumwa. Ila chakula peke yake, kwa mtu wa umri wako asiye na ovari, hakifiki mahali estrojeni inafika. Nisikudanganye.

NahodhaKilwa

Mama Mkunga, shikamoo. Naomba kuchomekea langu humuhumu. Mke wangu ana miaka 46, ana uvimbe, wamempangia kutoa kizazi mwezi ujao. Tumwambie daktari nini kuhusu ovari? Kaka yangu anasema zitolewe tu, mbona wazungu wanazitoa wakiwa wazima wa afya.

MkungaMstaafu (Lindi)

Marahaba baba. Kaka yako nadhani anamkumbuka Angelina Jolie, yule mwigizaji. Huyo 2015 alitangaza mwenyewe kwamba ametoa ovari na mirija akiwa na miaka 39. Lakini alikuwa amepimwa na kukutwa na hitilafu ya kurithi inayoitwa BRCA1, na mama yake mzazi alikufa kwa kansa ya ovari. Mwenye hitilafu hiyo, kati ya wanawake kumi, kama wanne wanaweza kuipata kansa hiyo maishani. Kwa mtu asiyeirithi ni kama mmoja au wawili kati ya mia. Na hata yeye alipotoa, aliwekewa homoni.

Mkeo, kama kwao hakuna kansa hizo na altrasaundi inaonyesha ovari safi, mwulizeni daktari kabla ya siku ya upasuaji: "Unakusudia kuziacha? Kama la, kwa nini?" Siku hizi wengi wanatoa mirija na kuacha ovari, kwa sababu imeonekana kansa nyingi tulizoziita za ovari zinaanzia kwenye mirija. Na fomu aisome akiwa amekaa, na miwani yake machoni. Ovari zikibaki, damu ya mwezi haitakuwepo, lakini joto na hayo mengine yatamjia kwa wakati wake, labda yakatangulia miaka michache.

NahodhaKilwa

Nimepata. Nitakwenda naye mwenyewe, siyo kumtuma na dada yake.

MiziziYaKusini

Wenye wivu hamkosekani.

KaraniWaGhala (Tandahimba)

Nimerudi, wiki tano zimepita. Shikamoo mama Mkunga. Mama Mkuti, pole ya mkono, na mbuzi huyo alipaswa kuliwa.

Karatasi ya upasuaji nilipata safari ya tatu. Safari ya kwanza "mhusika hayupo", ya pili "njoo na barua". Ya tatu nilikaa pale mapokezi na mfuko wangu wa ming'oko nikala taratibu mpaka saa tisa, wakaitafuta. Imeandikwa ovari ya kulia ilikuwa na kifuko kikubwa cha maji kimeshikana na utumbo. Ya kushoto, maabara wameandika haina kasoro yoyote. Mpwa wangu alisoma mstari huo akanyamaza, nami nikanyamaza. Aliyenipasua amehama mkoa. Sijui kama ningemkuta ningemwambia nini.

Kwetu mama mdogo mmoja alikufa "tumbo limejaa maji", miaka ya tisini, hakuna aliyepima. Daktari wa Mtwara ameliandika hilo. Matiti sawa, sukari sawa. Presha 148 kwa 94, vipimo viwili siku mbili tofauti, kwa hiyo alinianzishia dawa ya presha kwanza, akanirudisha baada ya wiki tatu. Ikashuka. Akanieleza kwamba kwa mtu kama mimi angependa kibandiko cha kubandika kwenye ngozi kuliko kidonge, maana hakigandishi damu kirahisi. Kibandiko Mtwara nzima nimekosa. Binti wa dada yangu amekipata Dar, akampa kondakta wa basi, nami nikaenda kukipokea stendi nimevaa miwani kabisa, nikasoma boksi lote mbele ya kondakta kabla sijamwachia nauli yake. Bei imenikata, siwafichi. Nimepiga hesabu: mpaka niwe na miaka 51 ni misimu tisa ya korosho. Tutaona.

Nilimwambia mzee wangu. Nilimpa ile karatasi aone, ingawa hasomi maandishi ya daktari. Alikaa nayo muda mrefu kibarazani. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siyo kwamba umenichoka?" Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, na alikuwa ameliweka hilo moyoni mwaka mzima. Nikacheka, halafu nikalia. Nazi ya kukamua mafuta anaikuna yeye.

Mabinti zangu watatu wa unyago niliwaita Jumapili. Hakuna somo aliyenifundisha mimi habari hizi, kwa hiyo sikuwa na wimbo wake. Niliwaeleza tu kwa maneno makavu, mmoja akauliza ovari iko upande gani, nikamwonyesha.

Kibandiko nimebandika siku ya tisa leo. Joto bado linakuja, ila jana usiku limekuja mara mbili badala ya sita, na nililala mpaka saa kumi na moja. Mama Mkunga, swali: likija jasho kibandiko kinalegea pembeni. Nikishikize na plasta ya kawaida au nitaharibu dawa? Kesho tunaanza kupokea magunia, nimeomba meza yangu iwekwe mlangoni kwenye upepo.

MkungaMstaafu (Lindi)

Hamisha, bandika chini ya kiuno upande wa tako, pasipo mkanda wala mkunjo, ngozi iwe kavu na isiyopakwa mafuta, ukandamize kwa kiganja nusu dakika. Usikiweke titini kamwe. Kikilegea pembeni, plasta ya kawaida juu yake haina neno. Kikidondoka kabisa bandika kipya, siku ya kubadilisha ibaki ileile. Na leso ya kufutia jasho weka mkono wa kushoto, siyo ule wa kuandikia.